Tafadhali Usiegemee Ukuta

Jumatatu asubuhi Mama Kijino alikuwa anashuka ngazi kutoka ghorofa ya tatu, mtoto kiunoni, mkoba begani, kipande cha mkate wa mtoto kinywani mwake mwenyewe kwa kuwa mikono ilikuwa imekwisha, pale kiatu kilipomchomoka. Akajishikiza ukutani ili akivae. Ukuta ulikuwa na joto. Aliutazama. Kando ya mlango wa muuza dawa, usawa wa bega la mtu ambaye hajamaliza kurefuka, palikuwa na doa la zambarau, ukubwa wa kisahani cha chai, pembezoni likififia kuwa la buluu. Akalibonyeza kidogo kwa kidole gumba, kama anavyobonyeza nguo iliyoanikwa ajue imekauka au bado.

Ukuta ukajikunyata.

"Samahani," alisema Mama Kijino, mkate ukiwa bado kinywani.

Akavaa kiatu, akampa mtoto mkate wake, akaendelea kushuka. Alikuwa amechelewa, na zamu ya asubuhi haimsubiri mtu.

Kijino aliitwa hivyo kwa sababu alizaliwa na jino moja tayari, jino lililowatia wakunga kicheko na mama yake maumivu. Baba yake aliendesha malori ya masafa, na nyumbani alikuwa kama mgeni wa heshima: akija hupikiwa, akiondoka hupungiwa mkono. Kwa hiyo asubuhi zote zilikuwa za watu wawili. Mtoto aliachwa ghorofa ya chini kwa Mama Cherehani, aliyeshona huku anamtikisa kwa mguu uliokuwa hauna kazi, na mama yake akakimbilia kazini.

Kazi yenyewe ilikuwa kupokea simu katika Ofisi ya Taarifa. Ofisi ilikuwa juu ya duka la vipuri vya magari, ngazi zake zikinuka grisi, na ndani yake wanawake walikaa mezani wakiwa na vipokea sauti masikioni. Ukutani palikuwa na bango la jicho kubwa lenye kope nene, na chini yake: UMEONA? SEMA. Bango hilo lilikuwa kila mahali mjini. Gari la matangazo lilizunguka mitaani likiwaambia wananchi wafumbue macho, watambue, watoe taarifa. Kwamba mhalifu hajifichi gizani bali katika mazoea ya watu. Mama Kijino aliyaamini maneno hayo. Aliyasoma kwenye mafunzo akayanakili kwa mwandiko mzuri, na kila alipolisikia lile gari alijiona naye amechangia sauti.

"Ofisi ya Taarifa, habari yako. Umeona nini?"

"Kuna kijana hapa kituo cha basi. Mabasi yanapita, hapandi."

"Amebeba nini?"

"Hakubeba kitu. Ndicho kinachonitia shaka."

"Unamfahamu?"

"Simfahamu."

"Asante kwa kuwa macho."

Swali la kumfahamu ndilo lilikuwa moyo wa kazi. Mpigaji akijibu kwamba hamfahamu, taarifa inapanda kwa maafisa. Akijibu kwamba anamfahamu, unabonyeza kitufe cha manjano na laini inakatika kwa adabu. Kiongozi wa zamu, mama mnene aliyetembea bila kutoa kishindo, alilieleza jambo hilo kwa kila mfanyakazi mpya.

"Watu wanaojuana wana visa vyao," alisema. "Huyu kamwagia yule maji machafu, yule kamchukulia huyu mume. Tukianza kupokea hayo, nchi nzima itakuwa laini moja ya simu. Sisi tunashughulika na wageni."

Jumatatu hiyo aligawa mabango. Kila mmoja apeleke moja anakoishi, alibandike mahali ambapo hakuna mtu anayepita bila kuliona.

"Hata ngazini?" aliuliza Mama Kijino.

"Ngazini ndiyo penyewe."

Aliporudi jioni lile doa lilikuwa limeshuka, limekuwa jeusi katikati, na chini yake yalionekana madoa mengine ambayo asubuhi hakuyatilia maanani: mawili ya kijani, moja la manjano kama chai iliyopauka. Kumbe rangi ya ukutani pale ilikuwa imerudiwa mara nyingi. Mzee Funguo, aliyelitunza jengo na kutembea na funguo nyingi kiunoni hata akajulikana alipo kabla hajaonekana, alikuwa amekaa kwenye ngazi na kopo la chokaa, brashi mkononi, hapaki.

"Haishiki," alisema. "Naipaka, doa linatokeza juu."

"Ni unyevu, mzee?"

"Nilisema ni unyevu." Akaichovya brashi, akaitoa. "Unyevu hauna joto, mama."

Kwa muuza dawa kulikuwa na watu watatu, kisha wakawa wawili, kisha ikawa kama yuko mmoja. Kwanza mkewe alisafiri kwenda kumuuguza mama yake, na ugonjwa wa mama huyo ukawa hauponi wala hauui. Akabaki binti, mtoto wa dada yake yule mke, aliyeletwa aendelee na masomo na kusaidia-saidia nyumbani. Alikuwa mwembamba, mpole, shingo ndefu. Siku za mwanzo alionekana akipandisha ndoo za maji, na kila alipompita Kijino ngazini alifunga mdomo na kuimba kwa pua, mmm, wimbo usio na maneno, mpaka mtoto akampa jina la Dada Mm. Siku moja alimpa Kijino kifungo kikubwa cha koti akichezee. Baada ya hapo hakuonekana.

"Yuko shule ya bweni," alisema muuza dawa, na watu wakasema vizuri, elimu ni jambo la maana.

Ila kandambili zake zilikuwa pale mlangoni. Asubuhi zilielekea ndani, jioni zilielekea nje, na siku nyingine moja ilikuwa imepinduka. Na Kijino, kila walipopita, alijinyoosha kutoka kiunoni kwa mama yake, akaweka sikio ukutani, akafunga mdomo.

"Mmm," alifanya.

Kisha alisubiri. Kisha alicheka, kama mtu aliyejibiwa.

Mama Kijino hakuwa na haraka ya kumfikiria vibaya muuza dawa. Alikuwa na sababu. Mwaka uliopita, Kijino aliposhikwa na homa ya mapafu na mvua ikafunga barabara, ni muuza dawa aliyepanda na mkoba wake, akakaa kwenye kile kigoda kibovu, akamhesabia mtoto pumzi kwa kidole, akamtia dawa kwa tone, hakuondoka mpaka homa iliposhuka. Hakutaka hata chai. Mikono ile Mama Kijino aliifahamu: mipana, safi, kucha zimekatwa vizuri, inanuka sabuni ya dukani.

Jengo zima lilikuwa na kisa kama hicho. Hapakuwa na mlango ambao dokta, kama walivyomwita, hajaubisha kwa wema.

Bango lilipandishwa Jumatano, baada ya kazi. Walikuwepo Mama Cherehani na sindano zake kifuani, Fundi Baiskeli wa ghorofa ya pili aliyerudi na mikono myeusi, na Mzee Funguo na nyundo. Mahali palichaguliwa na wote: ule ukuta wa ngazini, kwa kuwa kila mtu anaupita na kwa kuwa bango lingefunika madoa.

"Na lile jicho lenyewe lina kope kama za bibi harusi," alisema Mama Cherehani. "Atakayelitazama ataona aibu hata kama hana kosa."

"Wewe ndiye usilitazame sana," alisema Fundi Baiskeli. "Vitambaa vya wateja vinavyobaki huwa vinaenda wapi?"

"Vinaenda kukufunga wewe mdomo."

Mzee Funguo akashika msumari, akapiga nyundo mara moja.

Ukuta ukaguna. Na wakati huohuo, nyuma ya mlango wa muuza dawa, sauti ya msichana ikasema "aa", sauti fupi, ya mtu aliyechomwa na asiyetaka isikike.

 Mzee Funguo aliutazama msumari, kisha mlango, kisha msumari. Akauchomoa taratibu, kwa vidole viwili, kama anavyochomolewa mtoto mwiba. Pale tunduni palitoka tone moja, likateremka kidogo kwenye chokaa, likasimama.

"Tutatumia gundi," alisema.

Mlango ukafunguka. Muuza dawa alisimama na shati lake jeupe, mkononi ana mrija wa dawa ya kuchua. Aliwasalimia wote, akianza na mkubwa, kisha akaliona tone, akatoa pamba mfukoni, akalifuta.

"Ukuta huu unaumia siku hizi," alisema.

"Unaumia, dokta," alisema Mama Cherehani. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Msiuache hivihivi. Dawa hii ni nzuri. Mnapaka kidogo, mnachua kwa kuzunguka, polepole, msibonyeze." Akawaonyesha kwa mkono wake mpana. Ukuta, kila alipougusa, ulizidi kurudi ndani, mpaka pakawa na kibonde. "Mnaona? Hivi. Na asubuhi mkaukande kwa maji ya moto yenye chumvi."

Mama Cherehani akaupokea mrija. Muuza dawa akaligeukia lile bango, akalisoma pole kwa pole ingawa lilikuwa na maneno mawili tu.

"Kazi yenu nzuri," alimwambia Mama Kijino. "Watu wamezidi kufumba macho. Na hapa petu je, umeona lolote?"

Mama Kijino alikuwa amempakata mtoto kwa nguvu mno, Kijino akaanza kujinyonganyonga.

"Binti yako hajambo huko shuleni?" aliuliza.

"Hajambo kabisa. Ameandika."

"Nilidhani nimemsikia."

"Kuta za siku hizi," alisema muuza dawa, "zinapitisha sauti za mbali sana." Akamshika Kijino shavu, kwa upole uleule wa siku ya homa, akaingia ndani. Kitasa kikalia mara mbili.

Walilibandika bango kwa gundi. Wakalishikilia mpaka likakauka.

"Ufunguo wa hapo unao?" Mama Kijino alimuuliza Mzee Funguo.

"Alibadilisha kitasa mwenyewe, mwaka jana. Aliniomba ruhusa vizuri tu." Akaupapasa mzigo wa funguo kiunoni, mmoja mmoja, kama atakayeupata bado. "Nina za kila mahali, mama. Hiyo sina."

Toka hapo watu wakaanza kuuguza ukuta. Mama Cherehani aliukanda asubuhi kabla ya kuwasha cherehani. Fundi Baiskeli, aliyekuwa na mikono migumu, alisugua viganja vyake kwa mafuta mpaka vikalainika ndipo akaupaka dawa. Watoto waliambiwa wasipige mpira karibu. Mtu akipanda na mtungi wa gesi aliushikilia kwa mikono yote miwili usigonge, na uvimbe ulipozidi ngazi zikawa nyembamba, ikabidi watu wapishane kiubavuubavu, mmoja akimwambia mwenzake, angalia, umegusa. Walikuwa watu wema. Mama Kijino alijifunza hivyo wiki hiyo, na kujifunza kwenyewe kulimwogopesha: kila mmoja alijua kinachotokea upande wa pili, na kila mmoja alikuwa na kitambaa cha maji ya moto mkononi.

Alhamisi ya wiki iliyofuata ukuta ulipata homa. Chokaa ilitoa jasho. Na kando ya bango lililofunika yale madoa ya zamani palikuwa na jipya ambalo halikuwa la mviringo: vidole vinne vilivyolala sambamba, na cha gumba chini yake, vipana, vimeshika.

Kijino alipoinamishwa aweke sikio, akafunga mdomo akafanya "mmm", akasubiri. Akasubiri sana. Akamtazama mama yake, akafanya tena.

Hakucheka.

Saa ya chakula Mama Kijino hakula. Alishuka nyuma ya duka la vipuri, kati ya matairi, akapiga simu yake mwenyewe kwenye ile namba ambayo kila siku aliipokea. Alipokea mwenzake wa meza ya jirani, dada mmoja aliyeitwa Sauti Tamu hata na wanaomdai.

"Ofisi ya Taarifa, habari yako. Umeona nini?"

"Ni mimi."

"Najua ni wewe, mwenzangu, nakuona dirishani hapo umesimama kwenye matairi. Umeona nini?"

"Kuna mtu anampiga mtoto."

"Umemwona akimpiga?"

"Nimeuona ukuta."

"Ukoje?"

"Umevia damu. Una alama za vidole. Leo una homa."

"Wa ndani au wa nje?"

"Wa ngazini."

Mama Kijino alisikia vitufe vikibonyezwa. Sauti Tamu alikuwa mwandishi wa haraka. Hata kwenye mambo mazito vidole vyake havikupunguza mwendo.

"Unamfahamu mtu huyo?"

Mama Kijino alikiona kile kigoda kibovu, na kidole kilichopanda na kushuka pamoja na kifua cha mwanawe.

"Namfahamu," alisema.

Vitufe vikanyamaza. Juu, dirishani, Sauti Tamu alikuwa amesimama, mkono mmoja juu ya meza. Kitufe cha manjano kilikuwa hapohapo.

"Mama Kijino, hebu nikuulize tena. Laini inakwaruza."

"Haikwaruzi."

"Inakwaruza, mimi ndiye niliye na masikio. Unamfahamu mtu huyo?"

Gari la matangazo lilikuwa linapita barabara ya mbele. Lilisema fumbua macho, likakata kona, likaendelea kusema.

"Simfahamu," alisema Mama Kijino, na alipokwisha kusema akajikagua kama amesema uongo, akaona hapana.

"Asante kwa kuwa macho," alisema Sauti Tamu. Kisha, kwa sauti ambayo haikuwa ya kazini: "Panda ule hata kidogo."

Maafisa walikuja Jumamosi mchana. Walikuwa wawili, mmoja ana tochi, mwingine ana utepe wa kupimia, wote wana viatu vilivyopigwa rangi vizuri. Walilitazama bango kwanza, wakaridhika nalo. Kisha wakautazama ukuta. Wa tochi aliumulika ingawa jua lilikuwa linaingia dirishani. Wa utepe alizipima zile alama, urefu na upana, bila kuzigusa. Wapangaji walisimama juu na chini ya ngazi, wamejibana upande wa pili.

"Ukuta huu umepigwa," alisema wa utepe.

"Ndiyo," alisema Mzee Funguo.

"Na nani?"

Mzee Funguo alizitazama funguo zake. "Mimi ni wa milango, baba."

Wakabisha. Muuza dawa akafungua, na wa tochi akaishusha tochi yake.

"Kumbe ni kwako, dokta."

"Ni kwangu. Karibuni. Mguu wa mama unaendeleaje?"

"Sasa anakwenda mpaka sokoni mwenyewe. Anakuombea kila siku."

"Mwambie asiache zile za asubuhi."

Mama Kijino alikuwa amesogea mpaka kizingitini. Kutoka pale aliona chumba kilivyofagiwa, kitanda kimetandikwa, chupa za dawa zimepangwa kwa urefu. Na mwisho kabisa, kwenye mlango wa jikoni, alimwona Dada Mm. Alikuwa na sare ya shule, mikono mirefu imefungwa vifungo mpaka mwisho katika joto lile. Kwenye koti lake la sare kulikosekana kifungo.

"Amerudi likizo," alisema muuza dawa, ingawa shule zote zilikuwa katikati ya muhula. "Njoo, mwanangu, usalimie."

Binti akaja. Akasalimia kwa heshima, mkubwa kwanza.

"Tunaomba kuona mkono," alisema wa utepe. Alikuwa kijana, na alionekana ni mtu anayependa kumaliza kazi.

Binti akamtazama muuza dawa. Muuza dawa akaitikia kwa kichwa. Vifungo vikafunguliwa, mkono wa sare ukapandishwa, na ngozi ilikuwa nzuri, laini, haina hata mkwaruzo, inang'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa. Wakaupandisha na wa pili. Nao hivyohivyo.

Wa utepe hakuacha hapo. Akampimia binti mkono, kutoka kwenye kiwiko kushuka, kisha akatoka ngazini akapima zile alama tena, kisha akarudi. Akaomba mkono wa muuza dawa, akapewa bila ubishi, akapima na vidole.

"Vinalingana," alisema. "Vyote vinalingana."

"Lakini mkono wa binti ni mzima," alisema wa tochi.

"Ni mzima."

"Basi aliyeumizwa ni ukuta."

"Ni ukuta."

"Mwenye ukuta ni nani?"

"Mwenye nyumba," alisema Mzee Funguo. "Anaishi mji mwingine. Hajalalamika."

 Mama Kijino akaona kwamba mambo yanataka kuishia pale, mbele ya macho yake, kwa utaratibu, na kwamba hakuna atakayekosea hata hatua moja. Akampa Mama Cherehani mtoto, akaingia chumbani pasipo kukaribishwa.

"Mwanangu," alimwambia binti, "unaumwa?"

Binti akafungua mdomo. Muuza dawa hakusogea. Aliiweka tu mikono yake nyuma. Huko nje ngazini ukuta ukaanza kufura, na waliokuwa wamesimama pale wakarudi nyuma ngazi mbili kuupisha.

"Siumwi, mama," alisema binti.

"Nitamchukua akae kwangu. Siku chache tu. Anisaidie na mtoto."

"Kwa nini, mama?" aliuliza muuza dawa kwa upole. "Ana nini?"

Mama Kijino akanyoosha mkono kuelekea ngazini.

"Ule ni ukuta wa jengo," alisema muuza dawa.

Wa tochi akakohoa. "Binti, unamfahamu huyu bwana?"

"Ni baba mdogo."

"Basi," alisema wa tochi, na kweli lilionekana jambo limepata jibu.

"Ila nauliza," alisema muuza dawa, na sasa alikuwa anawatazama wapangaji wote, sura moja baada ya nyingine. "Ofisi hupokea taarifa za wasiofahamika tu, basi aliyepiga simu alisema hanifahamu. Katika jengo hili, nani hanifahamu mimi? Asiyefahamu majirani zake si ndiye mgeni?"

Maafisa wakageuka. Tochi, ambayo ilikuwa bado inawaka, ikamwangukia Mama Kijino kifuani. Alihisi uzito wake kama mkono. Akafikiria chumba chake, pazia alilolishona kwa awamu, kazi, kijiko cha plastiki cha Kijino kikikauka dirishani. Hakuyarudisha maneno yake.

"Huyu mnamfahamu?" wa tochi aliwauliza watu wa ngazini.

 Fundi Baiskeli alikuwa anavitazama viganja vyake laini. Mzee Funguo alikuwa amezishika funguo zote kwa mkono mmoja zisilie.

"Tunamfahamu," alisema Mama Cherehani, mtoto begani. "Ni Mama Kijino. Nimemshonea magauni tangu ana mimba. Akichoka anasema na sufuria. Tunamfahamu sana."

"Basi," alisema wa tochi, akaizima.

Ikawa jengo zima lina watu wanaofahamika, hakuna hata mgeni mmoja wa kutiliwa shaka. Maafisa wakamshukuru aliyepiga simu, yeyote awaye, kwa kuwa macho. Kwa kuwa ukuta ulikuwa na maumivu ya kweli, na wao si watu wa kuliacha jambo bila hatua, yule wa utepe akaandika kibao kwa mkono wake, kwa herufi nzuri, akakibandika kwa gundi chini ya lile jicho: TAFADHALI USIEGEMEE UKUTA.

Binti alikuwa bado amesimama pale pale, anafunga vifungo. Mlango ulipokuwa unarudi alimtazama Kijino, akafunga mdomo. Kitasa kikalia mara mbili.

Kibao hicho kipo mpaka leo, na watu wanakitii. Wageni wanaokuja kutembelea jengo huelezwa mapema, nao hupanda kiubavuubavu. Fundi Baiskeli alisogeza reli ya ngazi upande wa pili ili wazee wapate pa kujishika. Dawa ya kuchua haiishi. Dokta anaileta mwenyewe.

Mama Kijino hupiga simu kila wiki, saa ya chakula, kutoka kwenye matairi. Sauti Tamu huuliza kama anamfahamu mtu huyo, na laini hukwaruza pale inapotakiwa kukwaruza. Maafisa huja. Safari nyingine wanakuwa tofauti, lakini utepe ni uleule, na kila mara vipimo hulingana. Kiongozi wa zamu amewahi kupita nyuma ya kiti chake bila kishindo na kusimama hapo kitambo, kisha akaenda zake.

Jioni, akisharudi, Mama Kijino huketi kwenye ngazi na mtoto. Huweka kiganja chake palipo na joto, si kwa kubonyeza, kwa kukaa nacho tu. Kijino huweka sikio, hufunga mdomo. Zipo jioni ambazo wanasubiri mpaka mtoto anasinzia. Na zipo ambazo kutoka upande wa pili, chini, karibu kabisa, mtu naye hufunga mdomo akaimba, na kiganja cha Mama Kijino kikahisi kiganja kingine, kidogo, kimejipanga juu ya chake, na katikati yao tofali moja tu.

"Nipo," husema Mama Kijino kwenye chokaa. "Nimepiga tena leo."

Asubuhi hutangulia kuamka kabla ya Mama Cherehani, kwa kuwa wamegawana zamu. Huchemsha maji, hutia chumvi, huchovya kitambaa, hukikamua. Huutazama ukuta aone palipoongezeka. Leo palikuwa na vidole vinne na cha gumba. Aliukanda mpaka ukaacha kutetemeka, akausemesha kidogo, akachukua mtoto, mkoba, mkate.

Kisha akaenda kazini, akavaa vipokea sauti, na taa ya kwanza ilipowaka akaipokea.

"Ofisi ya Taarifa, habari yako," alisema. "Umeona nini?"